Nilivyomtafsiria Bibi Katuni ya Askari na Majoka

Wiki iliyopita nilikuwa kazini, wodi ya watoto, hapa Jeddah, nikimbadilishia dripu msichana wa miaka tisa aliyekuwa ameegemea mito na tableti yake mapajani. Sikuwa na habari na anachotazama. Mkono wangu ulikuwa kwenye mrija na macho kwenye matone. Ndipo nikasikia mlio wa helikopta, kisha ngurumo ya joka, kisha sauti ya mwanamke ikitoa amri kwa Kijapani, na mwili ukanisisimka. Nikainama kutazama. Alikuwa ni yeye, yule sajini wa nywele fupi mwenye kovu kidevuni, amesimama juu ya lori la jeshi katikati ya msitu wa ukungu, vile vile nilivyomwacha miaka kumi na kitu iliyopita, sebuleni kwetu Riyadh.

Chini ya picha palikuwa na maandishi ya Kiarabu. Nikayasoma. Sajini alikuwa akimwambia kijana wake wa redio kwamba askari akipotea asimngoje mtu, afuate mto mpaka atokee.

"Waijua hii?" msichana akaniuliza kwa Kiarabu chake cha Kihijazi.

Nikamwambia naijua, ila mimi niliisikia vingine. Nikamaliza dripu, nikaenda chumba cha wauguzi, nikakaa. Maana, rafiki yangu, maneno yale mimi nilimtafsiria Bibi yangu kinyume kabisa, na kinyume kile ndicho kilichomrudisha kwetu akiwa mzima. Kaa nikueleze.

Baba alikuwa dereva wa basi la kampuni moja Riyadh. Aliwabeba wafanyakazi alfajiri na kuwarudisha alasiri. Kampuni ilimruhusu kuleta mke na watoto, jambo ambalo Wakenya wengi waliokuwa kule hawakulipata, na ndiyo sababu mimi nikakulia mtaa wa Malaz, ghorofa ya tatu, katika jengo la rangi ya mchanga ambalo ngazi zake zilinuka kitunguu cha kukaanga tangu asubuhi mpaka usiku. Chini palikuwa na bakala, duka dogo la kona lenye kila kitu kuanzia sabuni hadi mbuni wa plastiki. Ng'ambo ya barabara palikuwa na tanuri la Waafghani waliochoma mikate ya tamisi mikubwa kama sinia. Kazi yangu kila jioni ilikuwa kushuka kununua mikate miwili na kupanda nayo ikiwa ya moto, imefungwa kwenye gazeti, na kila jioni ilifika mezani imemegwa pembeni. Mama aliacha kuuliza nani aliyeimega.

Nilipokuwa na miaka kumi, Bibi, mama yake Baba, alitujia kutoka Mombasa kwa viza ya ziara ya miezi mitatu. Alishuka na sanduku lililofungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake iliki, mabuyu, achari ya maembe, unga wa mchele, na leso zisizohesabika. Alikuwa mtu mfupi, mnene kidogo, mwenye kisukari na mwenye kicheko cha puani. Baba alikuwa ameahidi kumpeleka Umra kabla viza haijaisha.

Riyadh ilimtesa. Hewa yake ni kavu, si kama ya Mombasa, na siku ya tatu tu midomo yake ilipasuka. Akawa anajipaka mafuta ya nazi usoni, mikononi na miguuni, mpaka nyumba nzima ikanukia nazi na mapazia yakanukia nazi, na mimi shuleni nikaulizwa nimejipaka nini. Alianika kanga asubuhi, kabla hajamaliza chai ikawa imekauka. "Nchi gani hii," alisema, "yakunywa mpaka nguo." Jirani yetu Msudani alipopita kumsalimia kwa Kiarabu, Bibi alimjibu kwa vipande virefu vya Kurani, maana alikuwa amehitimu tangu utoto na sehemu kubwa akiijua kwa moyo, lakini Kiarabu cha kuombea chumvi hakuwa nacho. Walicheka wote wawili, wakakamatana mikono, kisha kila mmoja akarudi kwake. Baba yuko kazini, Mama yuko na cherehani yake na mdogo wangu wa miezi minane, mimi shuleni. Bibi akawa anakaa dirishani kutazama magari. Nakumbuka mgongo wake pale dirishani zaidi ya ninavyokumbuka uso wake wa siku zile.

Kilichomwondoa dirishani ni katuni.

Ilikuwa ya Kijapani, imetiwa sauti za Kiarabu, na ilionyeshwa kila siku baada ya alasiri. Jina lake la kwao sikulijua kamwe. Sisi tuliiita "askari na majoka". Kikosi cha wahandisi wa jeshi, askari wa siku hizi hizi, wenye malori, redio, bunduki na helikopta moja, kilitumwa kufukua handaki la reli lililofukiwa na maporomoko. Walipolifukua wakatokea upande wa pili, na upande wa pili haukuwa Japani. Ilikuwa nchi ya wafalme wenye mapanga, wachawi, na majoka yenye mabawa yaliyoota jua juu ya mapaa ya makanisa kama paka. Handaki likaporomoka nyuma yao. Kuanzia hapo wakawa na mafuta ya lori yanayopungua, risasi zinazopungua, na kila kipindi ilibidi waamue: wapigane na joka, au wazungumze nalo.

Siku ya kwanza Bibi aliketi tu kunisindikiza, akichambua mchele.

"Huyo asema nini?" akauliza.

Nikamwambia. Kisha akauliza tena, na tena, na kabla kipindi hakijaisha nikawa mkalimani. Kesho yake, saa ya katuni ilipokaribia, nikamkuta ameshatandika mkeka mbele ya televisheni, na kando yake sahani ya mahamri aliyoyakanda kwa tui la unga wa kopo na kuyalaani kwa kukosa tui la kweli. Tangu siku hiyo hatukukosa hata kipindi kimoja. Nilikuwa nikitoka kwenye basi la shule mbio, mkoba ukinipiga mgongoni, nasikia televisheni tangu ghorofa ya pili kwa sababu Bibi alipandisha sauti kunihimiza.

Sasa nikuungamie jambo. Kiarabu cha katuni kilikuwa fusaha, kile cha vitabuni, na mimi nilikuwa na Kiarabu cha bakala na cha uwanja wa shule. Nusu ya maneno sikuyaelewa. Lakini Bibi alikuwa ameinamia mbele, amesubiri, na mimi sikutaka kumwambia sijui. Nikawa natunga. Palipokuwa na pengo nilijaza. Na palipokuwa na jambo ambalo nilijua Bibi hatalipenda, nililipinda. Mchawi nikamgeuza mganga wa miti shamba. Mvinyo wa mfalme ukawa juisi ya komamanga. Mpishi wa kikosi, mtu mnene aliyebadilishana chumvi na mabinti wa majoka, ndiye Bibi aliyempenda kuliko wote, kwa hiyo nikampa maneno mengi kuliko aliyokuwa nayo, na kabla ya kula nikamfanya aseme bismillahi.

Mara nyingine Kurani yake ilinikamata. "Mbona nimesikia maut?" angeuliza, mkono juu ya mchele. Nami ningejibu haraka kwamba yule askari amesema anaogopa mauti, lakini hafi, kesho utamwona. Kesho haonekani. Nikasema amepewa likizo. Bibi akaguna kwa puani na kuendelea kuchambua.

Kipindi cha msitu wa ukungu kilikuja juma moja kabla ya safari yetu ya Umra. Kijana wa redio alipotezana na wenzake. Sajini alikuwa amemfunza mapema nini cha kufanya, na hapo ndipo alipotoa sentensi ile ndefu, kwa haraka, juu ya mlio wa helikopta. Nilishika neno moja tu, "aliyepotea". Bibi ananitazama. Nikasema lile lililonijia kichwani.

"Asema askari akipotea asitembee. Akae pale pale alipoonwa mara ya mwisho, na wenzake watarudi kumchukua."

"Amri nzuri," Bibi akasema. "Huyu mwanamke ana akili."

Safari tuliifanya kwa gari la kuazima, Baba akiendesha siku nzima kukata nchi kutoka Riyadh. Umra ilikwenda vizuri. Sitaisimulia hapa, ila nitakuambia kwamba Bibi alilia tangu alipoiona Kaaba mpaka tulipotoka, na kwamba alinunua maji ya zamzam mengi hata Baba akaanza kuuliza habari za matairi. Kutoka Makka tukateremka Jeddah, kwa rafiki wa Baba, dereva mwenzake, tulale huko siku mbili. Jeddah Bibi aliipenda mara moja. Ilikuwa na joto la maji maji kama la kwao. Alisimama mlangoni pa ile nyumba, akavuta pumzi, akajigusa midomo. "Ehee," akasema. "Hapa mtu ataweza kupumua."

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, tukaenda soko la mji wa kale kununua zawadi. Baba alituteremsha akaenda kutafuta pa kuegesha. Mama, mdogo wangu akiwa begani, akaingia duka la vitambaa lililojaa wanawake, akaniambia mlangoni, "Mshike Bibi mkono. Msiondoke hapa. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia.

Tulikaa pale labda dakika tano. Kisha Bibi akaona tasbihi upande wa pili wa uchochoro, tukavuka. Kisha kulikuwa na udi, tukaunusa. Kisha kona, kisha kona nyingine, mkono wake wa mafuta ya nazi ndani ya mkono wangu, na mimi ndiye niliyekuwa naongoza, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa mbali dirisha la duka la vikaragosi. Nyuma ya kioo palikuwa na lori la askari wetu. Lori lenyewe, kijani, antena yake juu, na kando yake joka jekundu la plastiki lenye mabawa ya kukunjuka. Nikauachia mkono wa Bibi nikabandika viganja vyangu viwili kwenye kioo.

Nilimsikia akisema anaingia hapo jirani kutazama makubazi. Nadhani nilisema "haya".

Kisha ikaadhiniwa alasiri. Kama hukuwahi kuishi Saudia ya miaka ile, hujui ilivyokuwa. Muadhini akianza tu, maduka yote yalifungwa kwa swala, yote kwa pamoja, vyuma vya milango vikishushwa kwa kishindo toka kona hii hadi kona ile, wenye maduka wakiwapungia wateja mikono: yalla, yalla, baada ya swala. Uchochoro ukajaa watu waliotolewa madukani. Mwenye duka la vikaragosi akashusha chuma chake mbele ya pua yangu. Nikageuka. Duka la makubazi lilikuwa limefungwa. Bibi hakuwepo.

Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Kila mwanamke aliyepita alikuwa amevaa nyeusi kuanzia kichwa hadi chini. Nikaita, "Bibi," kwanza kwa sauti ndogo. Nikakimbia hadi kona, nikarudi, nikakimbia kona nyingine. Halafu woga ukanishika nikakimbilia kwa Mama.

Mama alikuwa ametolewa dukani kama wengine, amesimama na mtoto pale pale mlangoni aliponiacha, na uso wake alipoona niko peke yangu sitausahau.

"Bibi yako yuko wapi?"

Na hapa, rafiki yangu, nikasema uongo. Nilikuwa nimeambiwa nisiondoke mlangoni. Nikasema, "Tulikuwa hapa hapa, Mama. Nilikuwa nimemshika. Watu wakatusukuma, nikamwona anakwenda na wanawake upande wa msikiti."

Maneno hayo yalinitoka laini, kama tafsiri.

Baba alipofika wakaanza kutafuta kwa kufuata maneno yangu. Waliranda kwenye mlango wa wanawake wa msikiti, na vichochoro vyote vilivyouzunguka. Baba alimwomba mwanamke mmoja aingie aite jina la Bibi ndani, na kumi wakaitika, wala hapakuwa na wetu. Swala ikaisha, maduka yakafunguliwa, watu wakaongezeka. Bibi hakuwa na simu. Pasipoti yake alikuwa nayo Baba mfukoni. Baba akapata askari polisi, akamweleza, akamwonyesha pasipoti ya Bibi na ikama yake mwenyewe, kile kibali cha ukaazi. Askari alikuwa mpole. Akauliza bibi amevaaje.

"Buibui jeusi," Baba akasema, na wote wawili wakageuka kutazama barabara iliyojaa mabuibui meusi.

Saa moja ikapita, na nyingine. Mama alikuwa ameketi kwenye kipandio cha duka, mtoto amelala, mkoba wa dawa za Bibi mapajani. Kila baada ya dakika chache aliufungua akatazama ndani kisha akaufunga. Nilijua Bibi hula kitu kidogo saa kumi, lazima, la sivyo mikono humtetemeka na maneno humchanganyikia. Saa kumi ilikuwa imepita zamani. Jasho lilikuwa likimtiririka Mama kidevuni na hakulifuta.

"Mama," nikasema, "Bibi atatembea mpaka atupate?"

"Akitembea ndiyo atazidi kupotea," Mama akasema, bila kunitazama. "Mola ajaalie awe amekaa mahali."

Amekaa mahali. Nilijua amekaa wapi. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe akae wapi. Alipoonwa mara ya mwisho. Na mahali pale hapana mtu aliyekuwa akipatafuta, kwa sababu mimi ndiye pekee niliyepajua na nilikuwa nimesema ni pengine.

Baba alikuwa akirudi kutoka mzunguko wake, shati limeganda mgongoni. Nikamwendea.

"Baba."

"Subiri, mwanangu."

"Baba, nilisema uongo."

Akasimama.

"Hatukuwa mlangoni. Tulikwenda mbali. Nilimwachia mkono mimi, nikawa natazama duka la vikaragosi. Yuko huko. Najua yuko huko."

Nilingoja kofi. Baba hakuwahi kunipiga maishani, lakini siku ile nilikuwa tayari, hata nililitaka. Akachuchumaa mbele yangu, macho yake mekundu usawa wa macho yangu.

"Wapi?" akasema. Hilo tu.

Nikamshika mkono nikamvuta. Njia sikuikumbuka kwa akili, niliikumbuka kwa vitu: tasbihi, moshi wa udi, kona, dirisha la mbao lililovunjika, kona nyingine. Mara moja nilikosea, tukatokea kwa wauza samaki, tukarudi. Kisha nikaliona joka jekundu nyuma ya kioo.

Bibi alikuwa ameketi chini ya dirisha lile, juu ya boksi lililokunjuliwa, na juu ya boksi alikuwa ametandika leso yake nyekundu aliyoitoa mkobani. Miguu ameinyosha, makubazi ameyavua na kuyapanga kando. Mbele yake alikuwa amechuchumaa mfagiaji wa barabara, mtu mzima mwenye sare ya manjano, Mbangladeshi nafikiri, ufagio wake umeegemezwa ukutani. Alikuwa amempa nusu ya mkate wake na chupa ya maji. Bibi alikuwa akimsimulia jambo kwa Kiswahili, naye akiitikia kwa Kibangla, na wote wawili walionekana kuridhika na mazungumzo.

Akatuona. Hakuinuka. Alinitazama mimi, si Baba.

"Mumekawia kidogo," akasema. "Nimekaa pale pale."

Baba akaketi chini, barabarani. Akaweka kichwa chake kwenye bega la mama yake, na mabega yake yakawa yanatikisika, na mimi sikuweza kujua analia au anacheka mpaka alipoinua uso, nikaona ni vyote. Kisha akasimama akamkumbatia mfagiaji, akambusu kichwani mara mbili. Yule mtu akaona haya, akachukua ufagio wake. Bibi akamtia mikononi pakiti nzima ya tende tulizozinunua Makka, na akamsomea dua ndefu. Dua hiyo yule aliielewa, kwa sababu aliinua viganja na kuitikia amina.

Mkasa wenyewe ulikuwa rahisi. Duka la makubazi lilikuwa na milango miwili, mmoja uchochoro huu na mwingine wa nyuma. Adhana ilipoanza mwenye duka alimtoa kwa mlango wa nyuma, na Bibi akajikuta mtaa mwingine. Ilimchukua muda kuzunguka mpaka alipoliona lile dirisha. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Mfagiaji alimwonyesha msikiti mara nyingi, akimwambia yalla, yalla, huko ndiko kwenye watu. Bibi akamjibu kwa neno pekee la mtaani alilokuwa amelijua, mafi, yaani hakuna. Mafi kwenda. Akatandika leso yake.

Mama alipotuona tunakuja, watatu, aliinuka. Alifungua mkoba wa dawa.

Jioni ile kwa rafiki wa Baba tulikula wali wa samaki wa kukaanga, na sijawahi kula wali mtamu vile tena. Kila mtu alizungumza kwa sauti ya juu, alicheka kwa vitu visivyochekesha, na Baba alirudia kusimulia habari ya mafi kwenda mpaka mwenyeji wetu akaikariri. Ndivyo watu wanavyokuwa wakinusurika. Habari ya uongo wangu hakuna aliyeitaja. Baba alipokuja kunizimia taa ndipo aliponiambia, taratibu, "Uongo wako ulikuwa wa saa mbili na nusu. Ukiwa na mwingine, ufupishe." Akanifunika shuka.

Lakini bado nilikuwa na mzigo mwingine, nao nilikuwa sijaugusa. Kesho yake, tukirudi Riyadh, tulisimama kituo cha petroli baada ya milima ya Taif. Baba na Mama walikwenda kununua chai. Mimi na Bibi tulibaki tumeketi garini, milango wazi, upepo wa jangwa ukipuliza makaratasi.

"Bibi," nikasema. "Sajini hakusema vile. Au sijui kama alisema. Sikuelewa. Nilitunga."

"Nini ulichotunga?"

"Ile ya kukaa pale pale. Na nyingine nyingi."

Bibi akanitazama, kisha kicheko chake cha puani kikaanza, kikapanda mpaka akajishika ubavu.

"Mwanangu, wafikiri Wajapani wala kwa bismillahi?" akasema. "Na yule aliyekwenda likizo akiwa na mshale kifuani?"

Nikaona uso wangu wote unachoma. "Ulikuwa wajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa sitazami hao askari, nilikuwa nakusikiliza wewe."

"Basi mbona ulikaa pale? Kama wajua si amri ya kweli?"

Akajifuta macho kwa ncha ya leso. Akaweka mkono wake juu ya goti langu.

"Ingekuwa ya sajini ningeitilia shaka, sajini hanijui. Lakini ilikuwa yako. Nikasema, aliyeitunga ataikumbuka, na akiikumbuka atakuja. Ndiyo nikakaa."

Baba na Mama wakarudi na chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi, tamu kupita kiasi. Tukanywa, tukaendelea na safari.

Kipindi cha mwisho cha katuni hatukukiona pamoja. Viza yake iliisha kikiwa bado. Nilikitazama peke yangu, nikamsimulia kwa simu, na nakiri nilitunga kidogo. Aliishi Mombasa miaka mingi baada ya hapo, akafariki asubuhi moja nyumbani kwake, kitandani kwake, binti zake wakiwa chumbani. Baba alimaliza mkataba wake. Nakumbuka siku aliyorudisha funguo za basi akaingia nyumbani akasema, "Halas," yaani basi, imekwisha, akaketi sakafuni katikati ya maboksi yaliyofungwa, akavua viatu.

Mimi nimerudi huku kwa kazi yangu, na huku kumebadilika. Adhana sasa ikilia maduka mengi hubaki wazi, na kile kishindo cha vyuma kushuka mji mzima kwa wakati mmoja, ambacho nilikichukia tangu siku ile, nimekitafuta masikio yangu yakakikosa. Mama, aliyeishi Riyadh miaka yote bila kugusa usukani kwa kuwa wanawake walikatazwa, hukataa kuamini nikimwambia najiendesha mwenyewe mpaka kazini. Soko la mji wa kale linakarabatiwa, vichochoro vyake vimewekewa mataa mazuri, na duka la vikaragosi sikuliona tena, ingawa nimekwenda mara tatu.

Mwaka jana nilitumwa Riyadh kwa mafunzo ya siku tatu. Saa ya mapumziko ya mchana nikaazima gari la mwenzangu, nikaenda Malaz. Tanuri la Waafghani limekuwa mkahawa wa vioo. Jengo letu halipo. Limebomolewa, na mahali pake ni uwanja wa kuegesha magari, umesawazishwa na kupigwa mistari myeupe. Niliegesha mle mle. Nikazima injini, nikatazama juu kupitia kioo cha mbele, nikijaribu kukadiria ghorofa ya tatu ilifika wapi hewani, sebule ilikuwa upande gani, dirisha lilikuwa wapi. Nilidhani nitalia.

Badala yake nikajikuta nawataja mmoja mmoja, kwa sauti, peke yangu garini. Bibi yuko Mombasa, kando ya Babu. Baba yuko nyumbani, analalamikia goti na habari za redio. Mama ana cherehani mpya na wateja wasiolipa kwa wakati. Mdogo wangu anajifunza umeme na hataki kusikia ushauri. Wengi nimewajua walioondoka kwao kuja huku, dada wa kazi za ndani, madereva, walinzi, na si wote waliorudi, na wengine walirudi si kama walivyokuja. Wetu wote walifika nyumbani. Nilikuwa sijawahi kulisema hilo kwa maneno.

Mtu mmoja akapiga honi, alitaka nafasi yangu. Nikampungia mkono, nikawasha gari, nikarudi mafunzoni kabla hawajaita majina.